Nyota mbili nyekundu: tunajuaje ipi imefika ukingoni?

Swali

"Nafundisha fizikia sekondari, mkoani Njombe. Mwezi Februari niliwatoa wanafunzi nje usiku nikawaonyesha Aldebaran na Betelgeuse. Nikawaambia nilivyosoma: zote mbili ni nyota zilizozeeka, lakini Betelgeuse ndiyo inayongoja kulipuka. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, 'Mwalimu, zote nyekundu, zote ni vitone tu. Nani alikwenda kuangalia?' Nikajibu kuwa wanasayansi hutumia spektroskopi. Akauliza spektroskopi inaonyesha kitu gani hasa mpaka wakajua. Hapo nikaishiwa. Naomba msaada kabla hajauliza tena."

Jibu

Mwalimu, kwanza mfikishie binti huyo salamu zangu. Swali lake liliwahi kumwangusha mtu mzito. Mwaka 1835 mwanafalsafa wa Ufaransa, Auguste Comte, aliandika kuwa hata tufanyeje hatutajua nyota zina kemikali gani ndani yake, maana hakuna wa kwenda kuchota. Haikupita miaka 25, Kirchhoff na Bunsen pale Heidelberg, Ujerumani, wakawa wanachota bila kwenda.

Pili, nikusahihishe kidogo, bila ubaya. Spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa rangi zake moja moja, haisomi umri. Kwa hesabu ya miaka, Betelgeuse ni kitoto: ina kama miaka milioni 10, wakati Jua letu lina milioni 4,600 na bado liko katikati ya maisha yake. Uzee wa nyota ni mafuta, si miaka. Nyota nzito huyachoma kwa pupa, ikaisha mapema, nyepesi huyabania. Kwa hiyo tunapoiita nyota "iliyozeeka" tunasema hidrojeni ya kwenye kiini imekwisha na sasa inachoma kitu kingine, au inachoma pembeni mwa kiini. Hilo halionekani kwa macho. Ila linaacha alama usoni, na alama hizo ziko za aina tatu: joto la uso, ulegevu wa uso, na majivu yaliyopanda kutoka tumboni. Wekundu ulioona wewe na wanafunzi wako ni alama ya kwanza tu, na hiyo peke yake haitoshi kumhukumu yeyote.

Kabla ya nyota, anza na jiko. Washa jiko la gesi, moto uwe wa buluu, kisha dondosha chembe chache za chumvi. Moto utageuka manjano papo hapo. Hiyo ni sodiamu inazungumza. Sasa chukua CD ya zamani, zima taa, mwambie mwanafunzi atazame mwako wa moto huo kwenye CD kwa pembe. Balbu ya kawaida ingempa upinde wa mvua mzima. Moto wa chumvi unampa karibu manjano peke yake, rangi nyingine hazipo au ni hafifu sana. Ukiwa na chombo kizuri utaona kuwa ile manjano ni mistari miwili iliyokaribiana, mmoja kwenye nanomita 589.0 na mwingine kwenye 589.6. Sodiamu ya chumvi ya Uvinza na sodiamu ya Aldebaran hutumia mistari ileile, mahali palepale. Kila elementi ina yake, na haiazimi ya mwenzake.

Kwenye nyota mambo yamegeuzwa. Mwanga unatoka chini, mahali penye joto kali, ukiwa na rangi zote. Unapopita kwenye gesi ya juu iliyopoa kidogo, kila atomu inanyakua rangi zake. Kwa hiyo badala ya mistari inayong'aa unapata upinde wa mvua uliochanjwa mistari myeusi. Joseph Fraunhofer alichora zaidi ya mistari 500 ya Jua mwaka 1814, bila kujua ni ya nini.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi, nami nisiupite kimya. Mstari mnene haumaanishi kitu kingi. Mistari ya kalsiamu kwenye Jua ni mizito kuliko ya hidrojeni, na bado Jua ni hidrojeni tupu pamoja na heliamu. Kalsiamu ni chembe tu. Unene wa mstari unategemea sana joto, kwa sababu atomu hunyakua rangi fulani tu elektroni zake zikiwa kwenye ngazi inayofaa. Mhindi Meghnad Saha ndiye aliyetoa hesabu ya jambo hilo mwaka 1920, na miaka mitano baadaye Cecilia Payne akaitumia kuonyesha kuwa nyota karibu zote ni hidrojeni. Wakubwa wake hawakumwamini, hata tasnifu yake mwenyewe ikabidi iseme matokeo hayo huenda si ya kweli. Yalikuwa ya kweli.

Hesabu hiyo ndiyo inayofanya zile herufi za O, B, A, F, G, K, M ziwe kipimajoto. Zimekaa shaghalabaghala kwa sababu mwanzoni zilipangwa kwa unene wa mistari ya hidrojeni, halafu Annie Jump Cannon wa Harvard akazipanga upya, na mpangilio huo ukaja kuonekana kuwa ni wa joto: O ndiyo yenye joto kali kuliko zote, M ya chini. Namba inayofuata herufi ni ngazi ndogo ndani yake. Aldebaran ni K5, uso wake una kelvini 3,900 hivi. Betelgeuse ni M1 au M2, kutegemea nani ameipima na lini. Kelvini 3,600 hivi. Kwenye joto dogo kama hilo atomu zinaweza kushikana bila kupasuliwa, na ile inayotawala mwanga wa nyota za M ni oksidi ya titaniamu.

Molekuli haikati mstari mmoja. Inakata kundi zima la mistari iliyobanana, kiasi kwamba kwenye mchoro wa spektra unaona ngazi: upande wa buluu mwanga umeanguka ghafla kama umefika ukutani, kisha unapanda polepole kuelekea wekundu, mpaka unapofika ukuta mwingine. Ukiona ngazi hizo mara moja, huzisahau. Jicho lililozoea linaitambua nyota ya M kutoka upande wa pili wa chumba.

Basi tumejua joto. Na bado hatujajua lolote kuhusu uzee. Angani kuna nyota iitwayo Lalande 21185, iko umbali wa miaka ya nuru 8.3 tu, nayo ni M2. Joto lake ni karibu sawa na la Betelgeuse, na ngazi za titaniamu inazo. Lakini ni kibete: upana wake ni kama asilimia 40 ya upana wa Jua, inabania hidrojeni yake, na itaendelea hivyo muda mrefu sana baada ya Jua kuzimika. Betelgeuse ingewekwa mahali pa Jua letu, Dunia ingekuwa ndani yake. Ndege wa rangi moja, lakini hawa hawaruki pamoja.

Kinachowatenganisha ni ulegevu. Nyota iliyovimba ina uso ulio mbali mno na kiini, mvutano pale ni dhaifu, na gesi imetanuka mpaka inakuwa nyembamba kuliko hewa unayovuta wewe, tena kwa mbali sana. Kibete kimebana, gesi yake imeshindiliwa. Mfikirie abiria anayepiga mluzi. Akiwa peke yake barabarani, sauti inatoka nyoofu. Mtie kwenye daladala iliyojaa mpaka mlangoni, kila sekunde kuna kiwiko mbavuni, mluzi unayumba juu na chini. Atomu ni hivyohivyo: kwenye gesi iliyoshindiliwa inasukumwa na majirani, na mstari wake unatanuka na kusambaa. Kwenye gesi nyembamba mstari unabaki mwembamba na mkali. Halafu kuna la pili. Atomu iliyopoteza elektroni inahitaji kukutana na elektroni nyingine ili iipate tena. Kwenye uso wa jitu hakuna msongamano, kukutana ni kwa nadra, kwa hiyo atomu zilizopungukiwa elektroni ni nyingi zaidi kuliko kwenye kibete cha joto lilelile. Ndiyo maana mistari mitatu ya kalsiamu iliyopoteza elektroni, ile ya nanomita 849.8, 854.2 na 866.2, ni minene kwenye majitu na hafifu kwenye vibete vyekundu. Sodiamu ni kinyume: ile mistari ya chumvi, kwenye kibete cha M ni mipana kama handaki.

Aliyeona tofauti hii kwanza alikuwa Antonia Maury, mmoja wa wanawake waliokuwa wakisoma sahani za picha, yaani vioo vilivyopigwa picha za spektra, pale Harvard. Kwenye orodha yake ya mwaka 1897 alitia herufi ndogo c kwa kila nyota iliyokuwa na mistari myembamba na mikali kuliko wenzake wa joto lile. Hakujua sababu. Mkuu wake, Pickering, hakuona haja ya kujitesa na jambo dogo hivyo, na alama ile ikaachwa. Ni Ejnar Hertzsprung, Mdenmaki, aliyegundua kuwa nyota zote za c ziko mbali sana na bado zinang'aa, yaani ni kubwa kupita kiasi. Mwaka 1908 alimwandikia Pickering barua kulalamika: kuifuta alama hiyo, alisema, ni sawa na mtaalamu wa wanyama ambaye ameshaona tofauti kati ya nyangumi na samaki, kisha anaendelea kuwaweka kapu moja. Mimi barua hiyo huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka. Mtu anayekaa na sahani na lenzi ya mkononi, akaona nywele imekuwa nyembamba kidogo, ndiye aliyeyaona majitu.

Leo ile c imekuwa tarakimu za Kirumi, katika mfumo ambao Morgan, Keenan na Kellman waliutoa mwaka 1943. V ni nyota ambayo bado inachoma hidrojeni kiinini. III ni jitu. I ni jitu kuu. Aldebaran ni K5 III. Betelgeuse ni M2 Iab (ab ni daraja dogo ndani ya I). Lalande 21185 ni M2 V. Hilo ndilo jibu fupi la binti yako: herufi ni joto, tarakimu ya Kirumi ni ulegevu, na hiyo tarakimu haikuhitaji mtu kwenda.

Kwa nini I inanuka mlipuko na III hainuki? Kwa sababu ya uzito uliotangulia. Ukijua joto na ukubwa unajua mng'ao, na jitu kuu lenye mng'ao wa aina ile lilizaliwa likiwa na uzito wa Jua mara nane au zaidi. Nyota ya hivyo huendelea kuchoma ngazi kwa ngazi mpaka kiini kiwe chuma, na chuma hakichomeki, kiini kinaanguka. Aldebaran ina uzito wa Jua mara moja na kidogo. Itavimba tena, itavua ngozi yake taratibu, itaacha kaa linalopoa. Hakuna mlipuko hapo, na ukimwona mtu mtandaoni anatangaza mlipuko wa Aldebaran, mpuuze. (Jina lake, kwa Kiarabu, ni Mfuasi, kwa kuwa linakifuata Kilimia. Wanafunzi wako wakishakijua Kilimia hawatalipoteza.)

Sasa majivu, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kila anayepika wali anajua ukoko. Umekaa chini ya sufuria, juu hauonekani, mpaka mtu apitishe mwiko hadi chini. Nyota kwa muda mrefu wa maisha yake haikorogwi kutoka chini: inachokipika kinabaki kiinini. Ikizeeka na kuvimba, matabaka ya nje yanaanza kuchemka kwa kina, mwiko unafika chini, na ukoko unapanda usoni ambako mwanga unaweza kuusoma. Ukoko wa kwanza ni kaboni ya aina ya 13. Jua lina atomu 89 hivi za kaboni-12 kwa kila atomu moja ya kaboni-13. Kwenye Arcturus, jitu la rangi ya chungwa, ni saba hivi kwa moja. Kaboni-13 huongezeka pale hidrojeni inapochomwa kwa msaada wa kaboni, kwa hiyo Arcturus imeshakorogwa. Tofauti ya aina hizo mbili inaonekana kwa sababu molekuli iliyobeba kaboni nzito zaidi hutikisika polepole kidogo, na mstari wake unasogea. Ni msogeo mdogo sana, unahitaji chombo kikubwa, lakini upo.

Baadaye, kwa nyota za uzito wa wastani, zikiwa zimeshachoma na heliamu, mwiko unafika chini tena na tena, na kila ukipanda unaleta kaboni mpya pamoja na elementi nzito zilizopikwa kwa nyutroni. Hapa ndipo inapokuja hadithi ya Paul Merrill. Alikuwa kwenye kituo cha darubini cha Mount Wilson, California, akichunguza kundi la nyota nyekundu alizozipa herufi S mwaka 1922, ambazo badala ya ngazi za titaniamu zina ngazi za oksidi ya zirkoniamu. Mwaka 1952 alitangaza kuwa kwenye baadhi yake ameona mistari ya teknetiamu, ile ya nanomita 423.8, 426.2 na 429.7.

Teknetiamu haina aina iliyo imara hata moja. Wanadamu waliipata mara ya kwanza mwaka 1937, huko Palermo, Italia, kwenye kipande cha molibdenamu kilichokuwa kimepigwa kwa chembe ndani ya mashine ya Berkeley, Marekani. Aina inayopikwa nyotani, kila baada ya miaka 211,000 hivi nusu yake huwa imeshageuka kitu kingine. Baada ya miaka milioni kumi haibaki ya kupimika. Na nyota hizo zina umri wa miaka mamia ya milioni au zaidi! Maana yake hazikuzaliwa nayo. Imepikwa mle ndani juzi, kwa kipimo cha nyota, ikapandishwa juu ikiwa bado mbichi. Kabla ya hapo watu walikuwa na hesabu nzuri za karatasi zinazosema elementi hupikwa ndani ya nyota. Merrill akaleta moshi kutoka jikoni.

Halafu kukazuka utata. Nyota nyingine za S zina zirkoniamu tele na hazina teknetiamu hata chembe. Zimepikaje vingine vyote bila hiyo? Jibu ni kwamba hazikupika. Ni nyota za mitumba. Zilikuwa na mwenza mzito zaidi aliyezeeka mapema, akapika, akavimba, akapuliza vazi lake la nje, na sehemu ya vazi hilo ikawaangukia. Mwenza sasa ni kibete cheupe, kaa dogo linalopoa, hafifu mno kuonekana pembeni ya jitu, na teknetiamu iliyokuwemo kwenye lile vazi imeshaoza. Kwa hiyo ukikuta S, unatafuta teknetiamu kwanza: ipo, nyota imezeeka yenyewe, haipo, unaanza kupima kama inayumba kwa kuvutwa na mwenza. Mara nyingi unakuta inayumba. Mimi katika spektroskopi nzima sijui mahali pengine ambapo mistari mitatu hafifu inabadilisha wasifu wa mtu hivyo.

Kaboni inaendelea kupanda. Hapa tubaki sokoni kwenye mitumba, kwenye lundo la viatu. Kaboni na oksijeni zinashikana kuwa molekuli ngumu kuliko zote kwenye uso wa nyota, kaboni monoksidi, na zinashikana moja kwa moja, kushoto kwa kulia. Viatu vikishapata wenzake, kinachobaki ndicho kinachoamua sura ya lundo. Oksijeni ikiwa nyingi, kama kwenye Betelgeuse, inayobaki inakwenda kwa titaniamu na unapata M. Zikikaribia kulingana, unapata S. Kaboni ikizidi, oksijeni yote imefungwa, titaniamu inakosa mwenza, na kaboni iliyobaki inashikana yenyewe kwa yenyewe au na naitrojeni. Hiyo ni nyota ya kaboni; Angelo Secchi ndiye aliyezitenga huko Roma katika miaka ya 1860. Ngazi zake zimegeuka: ukuta uko upande wa wekundu, na mwanga unapanda kuelekea buluu. Huhitaji hata kupima. Unatazama ngazi zimeelekea wapi.

Moja ya hizo unaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa darubini ndogo. Chini ya miguu ya Orion kuna kundi la Lepus, Sungura, na mle kuna R Leporis. John Russell Hind aliyeiandika mwaka 1845 aliifananisha na tone la damu juu ya weusi. Inafifia na kung'aa kwa kipindi cha zaidi ya mwaka mmoja, hivyo msipoiona mwaka huu msikate tamaa. Wekundu wake si wa ubaridi tu, kaboni imekula buluu yote.

Niende haraka kwenye zilizobaki. Nyota nzito sana huwa zinapuliza ngozi yao kwa nguvu mpaka jikoni kunabaki wazi. Charles Wolf na Georges Rayet wa Paris walizikuta mwaka 1867: badala ya mistari myeusi zina mistari inayong'aa, tena mipana mno, kwa sababu gesi inakimbia kuja kwetu na kwenda kinyume nasi kwa kilomita elfu moja mpaka tatu kwa sekunde. Zenye naitrojeni zinaitwa WN. Zile zilizovuliwa zaidi, ambako kaboni imejitokeza, ni WC. Na vibete vyeupe, yale makaa ya mwisho, ni daladala iliyojaa kuliko zote. Uso wa mwenza wa Sirius una mvutano zaidi ya mara laki tatu ya ule wa Dunia, na mistari yake ya hidrojeni imetanuka mpaka inakuwa mabonde. Walter Adams alipata spektra yake mwaka 1915, na ndipo watu walipoanza kukubali kwamba kitu chenye uzito wa Jua kinaweza kuwa na ukubwa wa Dunia.

Usimfiche binti mipaka ya kazi hii. Spektra inasoma uso. Mwishoni mwa mwaka 2019 Betelgeuse ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilikuwa hafifu kiasi cha kuonekana kwa macho matupu kwamba haiko sawa. Simu yangu haikupoa. Kila mtu alitaka tarehe ya mlipuko. Wanaastronomia Emily Levesque na Philip Massey walifanya jambo la busara kuliko sisi wote: walichukua spektra, wakapima zile ngazi za titaniamu. Kama nyota ingekuwa imepoa vya kutosha kueleza ufifiaji ule, ngazi zingekuwa zimezama sana. Walipata kelvini 3,600, wakati mwaka 2004 ilikuwa 3,650. Tofauti ndogo mno. Basi kuna kitu kimekaa mbele yake, wakasema: vumbi. Picha za darubini kubwa ya Chile zilionyesha upande wa kusini wa nyota ndio uliokuwa giza, na maelezo yaliyokubalika baadaye ni kwamba nyota ilitema bonge la gesi, kipande cha uso kikapoa, na vumbi likaganda kutoka kwenye gesi hiyo. Sio kiinini; ni mafua ya usoni.

Na ndiyo sababu hakuna anayeweza kukupa tarehe. Kiini kikianza kuchoma silikoni, kazi hiyo inakwisha kwa siku chache, wakati uso wa nyota haujapata hata habari. Tunaposema Betelgeuse italipuka ndani ya miaka laki moja, hiyo laki moja imetoka kwenye mifano ya kompyuta iliyolishwa joto, ulegevu na mng'ao. Isitoshe, nyota iliyolipuka Februari 1987 kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, Sanduleak -69 202, ilikuwa imeshapewa daraja kabla: B3, jitu kuu la buluu. Wengi wetu tulifundishwa kuwa wa kulipuka ni jekundu. Vitabu vikaandikwa upya. Hata majitu ya kawaida yana siri: moja linalochoma hidrojeni pembeni ya kiini na jingine lililoanza heliamu kiinini, kwa spektra yanaweza kufanana kama mapacha. Mwaka 2011 yalitenganishwa kwa kupima mitikisiko yake kwa chombo cha angani cha Kepler.

Kwa darasa lako: tafuta kile kioo kidogo chenye mistari 100 kwa milimita, ambacho hukazwa kwenye lenzi ya macho ya darubini. Anza na Sirius, waone mistari ya hidrojeni. Nenda Betelgeuse, waone ngazi. Kisha, mwezi Machi kukishaingia giza, tazameni kusini, mtafute Suheli (Canopus), na kushoto kwake mtafute Gamma Velorum. Hiyo ni WC, ya Wolf na Rayet, iliyo angavu kuliko zote za aina yake, na huku kwetu inapanda juu vizuri wakati wenzetu wengi wa Ulaya hawaioni kabisa. Mtaona vifundo viwili vinavyong'aa juu ya utepe wa rangi, kimoja kwenye buluu na kingine kwenye manjano. Jua msilielekezee kifaa hicho hata kwa mzaha.

Mkija kufunga kamera, jihadharini na nanomita 760. Nikiwa mwanafunzi, usiku wangu wa kwanza kuachiwa darubini peke yangu, nilipata spektra ya nyota moja ya kawaida, na pale kwenye 760 nikakuta shimo jeusi la ajabu, lenye ukuta upande mmoja. Molekuli ambayo sikuwa nimeisoma popote. Nikaenda kumgongea msimamizi saa tisa za usiku. Alikuja na blanketi mabegani, akaangalia skrini, akaniuliza kama shimo hilo lipo na kwenye nyota niliyopiga kabla. Nikafungua. Lipo. Na ya kabla yake? Lipo. Akaniambia nivute pumzi ndefu, nikavuta, akasema: "Ndiyo hiyo umeivuta sasa hivi," akarudi kulala. Ilikuwa oksijeni ya Dunia.